Tulivyomwibia Wifi kwa Usalama Wake

Mwanamume wa miaka sitini na tatu anayemwomba dada yake ruhusa ya kuoa ni kichekesho kizuri, isipokuwa kwa yule anayetaka kuolewa naye.

Mimi sikucheka. Nilikuwa na miaka hamsini na minane, mjane wa miaka tisa, mwenye duka la vifungo na nyuzi hapa mtaa wa Sanità, Napoli, na Ermanno Revelli nilimpata kama mtu anavyopata kiti kwenye basi la asubuhi: sikutarajia, na sikuwa na nia ya kusimama tena. Alikuja Napoli kutoka Torino kwa likizo ya siku nne, akaingia dukani kwangu kutafuta kifungo cha koti. Kifungo nilimshonea siku ile ile. Miezi minane ikapita na yeye bado yupo.

Tatizo lilikuwa Ottavia. Miaka sabini na mmoja, mwalimu mkuu mstaafu, hajaolewa, ndiye aliyemlea Ermanno tangu mama yao alipofariki. Ermanno akipiga chafya Napoli, husubiri simu ya Torino imwambie kama ni mafua. Pete ya mama yao ilikuwa kwa Ottavia, na Ermanno alikuwa ameniapia kwamba hataoa kwa pete nyingine wala bila radhi ya dada yake. Basi Jumatano moja ya mwezi wa sita tukampigia. Simu tukaiweka mezani, sauti wazi.

"Ermanno, nisikilize vizuri," Ottavia akasema. "Nakuja Jumapili, siku moja tu, nimwone huyo mwanamke na huo mji. Nikiondoka na kila kitu nilichokuja nacho, nakuachia pete ya mama na radhi yangu juu yake. Nikipungukiwa hata pini ya nywele, unapanda treni na mimi jioni ile ile. Umeelewa?"

"Nimeelewa, dada."

"Sema tena."

"Nimeelewa, dada."

Simu ilipokatika nilimtazama yule mwanamume ninayempenda, nikatamani kumpiga na kiatu.

"Umekubali?"

"Ni dada yangu, Nunzia."

"Na mimi ni nani? Fundi wako wa vifungo?"

"Usikasirike. Yeye ana mkoba mmoja tu. Mkoba mmoja utashindaje kufika jioni?"

Alisema hivyo kwa sababu ni mtu mwema na wa mbali. Wezi tunao, sikatai. Hata Torino wapo, ila wa kule huvaa tai. Lakini bibi wa kaskazini anayeshuka stesheni ya Napoli siku ya Jumapili, roho juu, mkoba ameukumbatia kama mtoto mchanga, hata mtu ambaye hakupanga kuiba siku hiyo atabadilisha mawazo. Mimi niliona ndoa yangu inaning'inia kwenye kamba ya mkoba wa mtu mwingine, na usiku huo sikupata usingizi.

Asubuhi nikapata jibu. Ni jibu ambalo mtu wa Torino hawezi kulifikia hata umfungie chumbani na karatasi, lakini mtaani kwetu hakuna aliyelishangaa: pochi ikiwa imekwisha kuibiwa, wezi hawana cha kuiba. Kwa hiyo Ottavia aibiwe mapema, na mtu mwaminifu, kabla hawajamfikia wengine.

Mtu mwaminifu alikuwa Don Alfonsino.

Don Alfonsino ana miaka sabini na minane. Arobaini kati ya hiyo aliipitisha kwenye mabasi ya stesheni, na hakuna aliyewahi kuhisi vidole vyake. Watu walifika nyumbani, wakapekua mifuko, wakadhani pochi wameisahau kwa hawara. Mkewe, alipokuwa anakata roho, alimwapisha aache. Akaacha. Sasa hukaa kwenye mkahawa ulio chini ya nyumba yangu, mbele ya kikombe cha kahawa, anawasema vijana wa siku hizi. "Wanavuta!" hulalamika. "Wanavuta kama wanang'oa jino!"

Nikaketi mbele yake.

"Don Alfonsino, nataka umwibie wifi yangu."

Akaweka kikombe chini. "Mwanangu, mimi nilimwapia marehemu."

"Si kuiba. Ni kuweka amana. Unaichukua pochi yake stesheni, unaitia kifuani, unatembea nayo, na jioni kabla ya treni unairudisha ilipokuwa. Hata hatajua."

"Sifungui?"

"Hufungui."

"Kwa hiyo nitakuwa kabati."

"Kabati lenye miguu."

Akafikiri, akikuna kidevu. "Na marehemu hatachukia?"

"Marehemu alikuwa anatunza mihogo yote, yaani siri zote, za mtaa huu, na hakuna iliyowahi kupotea. Angekusifu."

"Umesema mihogo?"

"Nimechanganyikiwa, Don Alfonsino. Naolewa."

Akakubali kwa sharti moja: Ermanno asiambiwe, maana uso wake ni kama dirisha lisilo na pazia.

Jumapili saa nne asubuhi Ottavia akateremka stesheni. Alikuwa amesafiri usiku kucha na hakufumba jicho, kwa sababu kanuni ya kwanza ni kutolala. Kanuni zilikuwa ishirini na saba, zimo kwenye daftari. Jua la mwezi wa sita linachoma lami, na yeye amevaa koti zito la sufi, vifungo vyote vimefungwa mpaka shingoni, na chini ya koti ameficha mkoba, tumbo limetoka mbele kama la mjamzito wa miezi minane. Shingoni alining'iniza filimbi.

Ermanno akanyoosha mkono ampokee ule mkoba.

"Kanuni ya tatu," Ottavia akasema, akirudi nyuma. "Usimpe mtu mzigo wako."

"Ni mimi, dada. Ermanno."

"Umekaa huku miezi minane. Sijui umekuwa nani."

Kisha akanigeukia, akanitazama kuanzia viatu kwenda juu, polepole, kama anasahihisha mtihani. "Wewe ndiye Nunzia."

"Ndiye mimi, wifi. Karibu Napoli."

"Wifi bado," akasema.

Papo hapo mzee mmoja mwenye kofia ya majani akamgonga begani, akavua kofia, akasema samahani mama, akapotea katika watu. Mimi nilijua anakuja, nilikodoa macho, na bado sikuona kitu. Moyo wangu ukatulia. Kazi imekwisha, nikajisemea, tukale.

Kumbe wapi. Wakati Ermanno anamwonyesha dada yake njia, Don Alfonsino akanivuta nyuma ya kibanda cha magazeti. Uso wake ulikuwa mwekundu.

"Ulisema hutafungua!" nikamnong'oneza, maana pochi ilikuwa wazi mkononi mwake.

"Niliisikia nyepesi. Pochi ya uwongo naijua kwa uzito. Soma!"

Ndani mlikuwa na vipande vya gazeti vilivyokatwa kwa rula, na kadi yenye mwandiko mzuri wa shule: *Aibu kwako. Hujachelewa kujifunza kazi ya halali. O. Revelli, mwalimu mkuu.*

"Miaka arobaini!" Don Alfonsino akaipiga ile kadi kwa kidole. "Mimi, Alfonsino, nimetegwa kwa gazeti! Tena la juzi!"

"Basi, tuache. Kama ana akili hiyo, atajilinda mwenyewe."

"Tuache? Mwanangu, sasa hili ni langu na yeye." Akavuta kofia mpaka kwenye nyusi, akaondoka.

Tukaenda kwa miguu, kwa sababu mabasi yalikuwa kanuni ya tano. Na lazima niseme ukweli, ingawa uliniudhi: Ottavia alikuwa hatari. Akaja yule jamaa wa nyuzi, wa kukufunga bangili mkononi kabla hujasema ndiyo wala hapana, kisha akudai pesa; Ottavia akatia mikono yote miwili ndani ya mikono ya koti, akabaki kama kinyago, jamaa akatafuta pa kufunga akakosa. Akaja msichana mwenye ubao wa karatasi, anaonyesha kwa ishara kwamba yeye ni kiziwi na anaomba saini kwa ajili ya viziwi wenzake, huku mwenzake anazunguka nyuma.

"Mwanangu, mjusi kichwani kwako," Ottavia akasema kwa upole, bila kupaza sauti.

Msichana akapiga ukelele, ubao ukaruka, na hakuurudia.

Pale kwenye kona ya soko alikuwepo yule wa simu mpya ndani ya boksi. Kila mtu hapa anajua boksi lile lina nini, na ndiyo maana yeye huwauzia wageni tu.

"Fungua," Ottavia akamwambia.

"Mama, nikifungua linapoteza thamani."

"Fungua."

Sijui ni jicho lile au ni sauti. Mtu mzima, ana ndevu, akafungua. Tofali likatokeza, limefungwa kwenye karatasi laini.

"Umelifunga vizuri," Ottavia akasema, akilikagua. "Kona zimekaa. Mikono yako ni mizuri. Kwa nini huendi kufunga zawadi dukani, ukapata heshima?"

"Sijui, mwalimu," yule mtu akasema, na hakuna aliyemwambia kwamba ni mwalimu. Akaondoka na tofali lake kwapani, kichwa chini.

Nikajikuta nataka kumpigia makofi. Nikajizuia, maana bado hajawa wifi.

Tulipoingia mtaani kwetu, Concettella wa ghorofa ya nne, ambaye hashuki ngazi ila kwa harusi na mazishi, alikuwa anatungoja dirishani. Akateremsha kikapu chake kwa kamba, ndani ametia biskuti za pilipili kumkaribisha mgeni. Kikapu kikashuka mpaka mbele ya pua ya Ottavia. Kanuni ya kumi na nne ilihusu vitu vinavyotoka juu. Akapuliza filimbi kwa pumzi yote ya miaka arobaini ya uwanja wa shule, na madirisha yote ya mtaa yakafunguka.

"Shoga!" Concettella akapaza sauti toka juu. "Ndiyo wifi huyo? Mbona hukuniambia ana mimba?"

"Nani ana mimba?" Ottavia akafoka.

"Hongera, mama! Umri huo! Ni maajabu ya mtakatifu gani?"

Ermanno akafunika uso kwa mikono. Mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta, halafu nikakumbuka kilichokuwa hatarini, kicheko kikakatika.

Tulikuwa hatua kumi kutoka mlangoni pangu wakati njiwa wa kanisa alipoamua kumshushia Ottavia zawadi begani. Njiwa wa kweli, wa Mungu, hakutumwa na mtu. Nikatoa leso, nikanyoosha mkono.

"Usiniguse!" Akaruka nyuma. "Kanuni ya tisa! Anayekufuta doa ndiye mwizi!"

"Ni njiwa, wifi! Tazama, yule pale!"

"Wote huanza kwa kusema ni njiwa!"

Basi tukazunguka palepale, mimi na leso, yeye ameinua mikono miwili kujikinga nami, Ermanno katikati anasema jamani, jamani. Na nyuma ya Ottavia akapita mzee mwenye kofia ya majani, anatembea polepole kama mtu anayetoka misa. Alipofika mbele akanigeukia, uso umetakata kama wa malaika, akakonyeza jicho moja.

Nikajua kaipata ya kweli. Nikashusha leso, nikamwambia Ottavia haya, kaa na doa lako, tukale. Mpaka leo sijui kama nilifurahi au niliogopa.

Mchuzi wangu wa Jumapili ulikuwa jikoni tangu alfajiri, unatokota kwa moto mdogo, nyanya na nyama ya nguruwe, ule unaosema *pipi, pipi* kwa mapovu madogo chini ya kifuniko. Ottavia akaketi na koti lake. Akafungua vifungo viwili, akatoa ule mkoba uliokuwa tumboni: mkate kutoka Torino, jibini kutoka Torino, chupa ya maji kutoka Torino. Akaviweka mezani mbele yangu. Mimi nikapakua bila kusema kitu, nikaweka sahani yake karibu ya kutosha kwa mvuke kumfikia.

Alistahimili dakika nne. Kisha akala sahani mbili, na ya pili akaipangusa kwa mkate wa Torino.

"Nani alikufundisha?"

"Mama wa marehemu mume wangu."

"Alikuwa mwanamke wa maana." Akajifuta midomo. "Ermanno hulala dirisha limefungwa?"

"Wazi. Joto."

"Atapata mafua ya kifua."

"Hajapata, wifi. Miezi minane."

Akamtazama mdogo wake, ambaye amenenepa kidogo hapa, amepata rangi, na ana mchuzi kwenye kidevu. Nikamfuta Ermanno kile kidevu bila kufikiri, kama ninavyofanya kila siku, na Ottavia akaona.

"Sawa," akasema. "Mimi nasema haki. Mji huu ni wa wendawazimu, lakini nimetembea nao tangu asubuhi na haujanishinda. Na huyu mwanamke anapika, na hajaugusa mkoba wangu. Simama, Ermanno."

Akaingiza mkono ndani ya koti, upande wa moyo.

Hili hatukulipanga. Yeye alipaswa kufikia pale jioni, stesheni, baada ya Don Alfonsino kurudisha. Mkono wa Ottavia ukakaa ndani ya koti. Ukatafuta. Ukatoka, ukaingia upande wa pili.

"Haipo," akasema.

"Tafuta vizuri, wifi. Labda imeteleza."

"Niliibana kwa pini mbili kwenye bitana. Pini zipo, zimefungwa. Mfuko haupo."

Nikaenda dirishani mbio kama mtu anayetaka hewa. Don Alfonsino alikuwa chini, kwenye meza yake. Nikampungia mkono apande, nikampungia kwa nguvu. Yeye akatabasamu, akainua kikombe, akanitakia afya.

"Pete ya mama ilikuwamo," Ottavia akasema nyuma yangu. "Basi. Ahadi ni ahadi. Vaa koti, Ermanno."

Nikageuka. Na Ermanno wangu, Mungu amsamehe, akawa ananyoosha mkono kuchukua koti lake kwenye kiti. Alikuwa analia, lakini mkono ulikuwa unanyooka. Nikamtazama Ottavia, nikitarajia kuona mtu aliyeibiwa. Sikuona. Mashavu yake yalikuwa yamepata rangi, na macho yanang'aa. Yule mwanamke alikuwa amefurahi! Kuibiwa kumemfurahisha!

Hapo nikapasuka.

"Weka koti hilo chini!" nikamwambia Ermanno. "Na wewe keti! Hakuna aliyekuibia! Yaani umeibiwa, ndiyo, lakini ni mimi niliyeagiza!"

Mchuzi tu ndio uliozungumza.

"Umemwibia dada?" Ermanno akauliza.

"Nimemwibia kwa usalama wake!"

"Nunzia, hiyo ni..."

"Wewe usinene! Wewe ulikuwa unavaa koti!"

Nikatoa kichwa dirishani. "Don Alfonsino! Lete!"

"Sasa hivi?" akajibu toka chini. "Tulisema jioni!"

"Lete nini?" Concettella akauliza toka juu.

"Pochi ya wifi!" Don Alfonsino akamjibu, na mtaa mzima ukasikia.

"Ile ya uwongo au ya kweli?" akauliza mwenye mkahawa.

Akapanda ngazi, anahema, kofia mkononi. Akaweka mezani mfuko mdogo wa kitambaa, kwa mikono miwili, kama padri.

"Mama, kila kitu kimo. Sikufungua. Na pini nilizifunga tena, mtu asije akachomwa." Kisha akatia mkono kwenye mfuko wa suruali, akatoa pochi tatu nyingine, akazipanga pembeni. "Na hizi ni za vijana watatu waliokuwa wanakunyemelea toka stesheni. Niliwachukulia zao, wapate shughuli nyingine. Jioni nawarudishia."

Ottavia akamkazia macho muda mrefu.

"Wewe ndiye uliyenigonga asubuhi."

"Ndiye."

"Ulisoma kadi yangu?"

"Niliisoma. Iliniuma."

"Ilikusudiwa kuuma." Akavuta mfuko karibu. "Nitahesabu."

Akavipanga mezani kimoja kimoja. Pete ndani ya pamba. Tiketi ya kurudi, treni ya saa kumi na moja. Vidonge vya presha. Miwani ya akiba. Pini sita za nywele. Picha ya mama yao. Akavirudisha, akavitoa tena. Pini sita. Akahesabu mara ya tatu, na kila alipohesabu ile rangi ya mashavu ikazidi kuondoka.

"Vyote vipo," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeletewa habari ya msiba.

Akaisukuma pete kwa Ermanno bila kuitazama. Ermanno akaishika. Nilipaswa kuruka kwa furaha, sivyo? Nilikuwa nimeshinda. Lakini Ottavia alikuwa ameanza kuzipanga pini mara ya nne.

"Kuna kitu kimepungua," akasema.

"Dada, umehesabu mara tatu. Vyote vipo."

"Mimi ni mwalimu, Ermanno. Kuhesabu najua." Mikono yake ikasimama juu ya pini. "Kila jioni naweka sahani mbili mezani. Naweka mbili, natazama, naondoa moja naiosha ingawa ni safi. Miezi minane sasa. Kwa hiyo usiniambie vyote vipo."

Ermanno akaliacha koti lianguke sakafuni, akaenda akaketi karibu naye, bega kwa bega.

"Sirudi, dada," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia anamwambia kitu bila kungoja ajibiwe.

"Najua. Nilijua tangu ulipoacha kuniuliza kama uchukue mwavuli."

Nikaona haya. Siku nzima nilikuwa napigana na jeshi, na jeshi lenyewe ni mwanamke mmoja na sahani yake. Sahani ile naijua. Mume wangu alipofariki niliendelea kununua mikate miwili kwa mwaka mzima, nikawalisha njiwa wa kanisa ule mkate wa pili, nikisema ni kwa ajili ya Mungu.

"Wifi," nikasema. "Baki. Kitanda kipo. Mchuzi huu kesho utakuwa mtamu zaidi."

"Nina treni."

"Treni zipo kila siku."

"Nina tiketi. Nimepanga." Akajinyoosha mgongo, akawa mwalimu mkuu tena. "Watu kama mimi hawabaki mahali kwa sababu ya mchuzi, Nunzia."

Akanyoosha mkono achukue tiketi. Palikuwa na vidonge, miwani, picha, pini sita. Tiketi haikuwepo. Akainua sahani. Akatazama chini ya mkate wa Torino.

Wote watatu tukageuka kumtazama Don Alfonsino. Alikuwa amesimama mlangoni, anaikagua dari yangu kwa makini, kama mtu aliyeitwa kuipaka rangi.

Nilifungua mdomo nimshukie. Kiapo cha marehemu! Nyumbani kwangu! Lakini Ottavia akaweka mkono wake juu ya wangu, mkono mkavu, wenye nguvu, na nikajua kwamba alimwona. Mtu aliyesimamia mitihani miaka arobaini hawezi kupitwa na mkono wa mzee kwenye meza ya kulia. Alimwona, na hakusema.

"Haya," akasema polepole. "Nimeibiwa."

"Dada..." Ermanno akaanza.

"Nyamaza. Nimeibiwa, saa nane mchana, mbele ya macho yangu. Itanibidi nikaripoti polisi." Akanigeukia mimi. "Polisi wa hapa hufungua saa ngapi?"

Ermanno akafungua mdomo ajibu. Nikampiga teke chini ya meza.

"Kesho," nikasema.

"Kesho saa ngapi?"

"Hawana haraka hawa. Saa nne, tuseme. Baada ya kahawa."

"Basi sina la kufanya," Ottavia akasema. "Itabidi nilale." Akaanza kufungua vifungo vya koti, kimoja kimoja, kutoka shingoni kwenda chini.

Kituo cha polisi cha mtaa wetu hakijafungwa tangu nizaliwe, usiku wala mchana. Asubuhi tulikuwa tumepita mbele yake, mlango wazi, askari ameketi nje anakula aiskrimu, na Ottavia alikuwa amemsalimu.